Shubiri Moja Kushoto

Mwelu alimaliza kuchora kabla wenzake hawajapata hata duara la kikombe. Akaweka penseli chini, akapangusa vidole, akaanza kutazama nje ya dirisha. Raha iliyoje kuwa hodari!

"Manze, ushamaliza?" Ryan, jirani yake wa meza, alimnong'oneza. "Mi bado napigana na kitunguu."

Mwalimu Carolyne akaja akasimama nyuma ya Mwelu. Mbele ya darasa alikuwa amepanga birika, vitunguu viwili na kikombe cha udongo, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitakiwa wavichore kama walivyoviona. Aliitazama karatasi ya Mwelu kwa muda, kisha akauliza kwa upole, ule upole unaotangulia sindano: "Kikombe kile kina pengo mdomoni. Kwenye chako, pengo liko wapi?"

Halikuwepo. Kikombe cha Mwelu kilikuwa kizuri kuliko kile kilichokuwa mezani, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

"Unachora vikombe vya kichwani mwako," mwalimu akasema. "Nenda nyumbani, panga vitu vyako mwenyewe, uniletee mchoro Ijumaa. Ukiwa kama huu, utarudia mwaka, Mwelu, na wenzako watakuacha."

Alitoka darasani amefura. Kutazama, kutazama! Kwao kutazama kulikuwa kazi ya wanagenzi. Baba yake, Munyoki, alikuwa mchongaji, kama babu yake kule Ukambani. Katika banda la wachongaji huko Makadara, Munyoki alikuwa amechonga twiga kwa miaka thelathini pasipo kumwangalia twiga hata mmoja. Mchongaji ambaye angeweka picha mbele yake pale angechekwa mpaka ahame. Tezo inashuka, mti unafunguka, twiga anatoka na shingo yake. "Mkono unajua," Munyoki alipenda kusema, na Mwelu, aliyekulia miguuni pake akisugua swala kwa msasa, aliyaamini maneno hayo kama alivyoiamini sala ya Baba Yetu.

Lakini kurudia mwaka si mchezo. Alhamisi mchana, nyumbani kwao Tassia, ghorofa ya tatu, wakati mama yake yuko kibandani akiuza mboga, Mwelu alipanga mezani chupa ya chai, parachichi moja na kikombe cheupe cha bati cha baba yake. Kikombe hicho kilikuwa na makao yake: pembe ya kulia ya meza, mbele ya kiti cha Munyoki, na hakuna aliyethubutu kukihamisha. Siku hiyo Mwelu alikisogeza shubiri moja kushoto, ili kivuli chake kiangukie kitambaa vizuri.

Akachora. Akafuta. Akachora tena, akajikuta ametoa kikombe kingine kizuri cha uongo, akafuta kwa hasira mpaka karatasi ikaota manyoya. Mwisho akalikubali sharti la mwalimu la kutoweka mstari wowote ambao hajautazama. Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima kimo cha kikombe kwa penseli. Kumbe kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani! Kishikio kilikuwa kimepinda, rangi imebanduka ukingoni, na kivuli hakikuwa cheusi hata kidogo, kilikuwa na ubuluu. Kikombe alichokiosha miaka yote hiyo, ndiyo kwanza anakiona. Saa nzima ikapita bila yeye kusikia makelele ya watoto kwenye ngazi.

Mlango ukafunguka. Munyoki akaingia na vumbi lake la mti, akaketi kitini pake bila salamu. Mwelu, aliyekuwa kando ya dirisha ameinua penseli, alidhani baba yake hataki kumkatiza, akaendelea kutazama vitu vyake.

Munyoki akanyoosha mkono kwenye pembe ya kulia. Vidole vikafumba hewa. Kikombe kilikuwa hapo hapo karibu, cheupe pe, kwenye mwanga wa saa tisa. Mkono ukashuka, ukatambaa juu ya kitambaa, ukagonga parachichi, ukalipapasa, ukaliacha, ukaendelea mpaka ukapata kishikio.

Penseli ikamponyoka Mwelu, ikaanguka sakafuni.

"Nani?" Munyoki akashtuka.

"Ni mimi, Baba."

"Aa, mwaitu." Alimwita hivyo siku zote, mama yangu kwa Kikamba, kwa kuwa Mwelu alirithi jina la nyanya yake mzaa baba. "Nilijua uko hapo."

Hakujua. Sasa Mwelu akamtazama yeye kama alivyokuwa akikitazama kikombe, bila haraka. Mboni zake zilikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Kuna Biblia ambayo siku hizi alitaka asomewe. Kuna Ndolo, mchongaji mwenzake, aliyempitia kila asubuhi na kumrudisha mpaka mlangoni, eti kwa ajili ya stori. Yote hayo Mwelu aliyajua, na hakuwahi kuyaona. Moyo ukamwuma kweli kweli.

"Baba, tangu lini?"

Munyoki alikizungusha kikombe mkononi. "La kulia lilianza kabla ya Krismasi. La kushoto likafuata." Akatabasamu. "Twiga wangu hawajalalamika. Mkono unajua."

"Na Mama?"

"Hajui, na asijue. Atanifungia nyumbani. Na bandani wakisikia, watanipa msasa nisugue pamoja na watoto. Umenisikia, mwaitu?"

Mwelu akaitikia, na akajichukia kwa kuitikia. "Basi rudisha kikombe, uweke na mkono pale ulipoanzia, nimalize mchoro wangu. Mwalimu hakujui."

Munyoki, ambaye hakuwahi kumnyima kitu, akauweka mkono. Mwelu akauchora taratibu: kucha zilizojaa vumbi, kovu la tezo kwenye kidole gumba, vidole vilivyoachana vikitafuta, na kikombe kule, shubiri moja mbali. Alipomaliza alijua ameweza, na hakufurahi.

Saa kumi na mbili jioni mama yake, Nzilani, alirudi na sukuma zilizobaki, akainama juu ya karatasi. "Eh! Huu si mkono wa baba yako? Mpaka kovu lake!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Lakini umekosea, mwanangu. Mkono unashika nini huku, na kikombe kiko kule? Mwalimu atakufanya urudie mwaka kwa hili. Futa huo mkono, uuweke kwenye kikombe." Akamtilia raba kiganjani.

Mwelu akamtazama baba yake. Munyoki alikuwa ameketi wima. Ahadi ilikuwa imetolewa. Kesho mwalimu angeletewa mkono mzuri ulioshika kikombe, kama mikono yote duniani inavyoshika vikombe, na angejua mara moja kwamba haukutazamwa. Hata hivyo Mwelu akaiweka raba juu ya kidole cha kwanza, akaanza kufuta.

Chumba kilikuwa kidogo, na raba ilisikika vizuri.

"Usifute, mwaitu," Munyoki akasema.

"Si amekosea?" Nzilani akauliza.

"Hajakosea, Mama Mwelu. Ndivyo ninavyokitafuta."

Nzilani hakuelewa. Kisha akaelewa. Akaweka sukuma chini, akaja akasimama mbele ya mumewe. "Leo nimevaa leso gani?"

Munyoki akasita. "Ile ya buluu."

"Ya buluu nilimpa dada yangu Pasaka!" Machozi yakaanza kumtoka. "Miezi yote hii najipamba, na wewe hunioni, na huniambii!" Akampiga begani kwa kiganja, si kwa nguvu, kisha akakiacha kiganja hapo hapo. "Kesho mtoto apeleke karatasi yake. Mimi na wewe tunaenda hospitali ya macho, na usinijibu."

"Sijajibu," Munyoki akasema.

Kidole cha kwanza kilikuwa kimefutika nusu. Mwelu akawasha taa, akachukua penseli, akamwomba baba yake arudishe mkono mezani. Munyoki akaunyoosha, na mkewe akaushika, akauweka mahali pake, shubiri moja kutoka kwenye kikombe.