Poda Shingoni

Mwanangu wa kike akishatoka kwenda kazini asubuhi, mjukuu anabaki mikononi mwangu saa nzima kabla sijampeleka kituo cha kulelea watoto. Ana mwaka mmoja na miezi saba. Namwita mume wangu, naye hana habari, kazi yake ni kujikuna. Ana pumu ya ngozi. Inamkamata nyuma ya magoti, kwenye viwiko na kwenye mikunjo ya shingo, ngozi inakakamaa mpaka inakwaruza kama msasa.

Daktari alimwandikia mafuta mazito ya kopo jeupe, apakwe mara nne kwa siku, akakataza chochote chenye manukato. Mwanangu humpaka alfajiri, kituoni mlezi wake humpaka mara mbili, jioni tunampaka tena. Mlezi huandika kila kitu kwenye daftari dogo linalokwenda na kurudi ndani ya mkoba wa nepi, na mkoba huo naubeba mimi.

Kosa lilianzia getini. Siku moja mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alimvuta binti yake pembeni akasema, "Usimsogelee, ananuka grisi." Alisema taratibu, lakini nilisikia. Nikamtazama mume wangu katika shati nililolipiga pasi mpaka kola, nikaona aibu kama nimevuliwa nguo mimi. Nikawaza, na huyo mlezi je, atambeba kweli, au atamshika kwa ncha za vidole?

Kesho yake nilichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, nikamfuta mafuta yote, nikampaka poda yenye harufu ya maua. Shingoni, kwapani, nyuma ya magoti. Getini mlezi alimnusa kichwani. "Bibi, mumeo leo kapendeza." Nikarudi nyumbani natembea kama bi harusi. Basi ikawa hivyo kila siku, wiki mbili.

Ngozi ikaanza kupasuka. Shuka lake likawa na vidoa vya damu. Nilijiambia ni joto tu. Mpaka siku niliyofungua daftari nikisubiri nguo zikauke. Mimi ni wa darasa la saba, nasoma kwa kutembeza kidole, lakini mwandiko wa mlezi ni mkubwa, umenyooka. "Mtoto amekuja tena na poda shingoni. Mafuta hayapo mwilini. Mama, tafadhali tuzungumze."

Nikaichomoa ile karatasi. Nilikunjua pini za katikati ya daftari kwa ncha ya kisu isije ikaonekana imechanwa, nikalirudishia pini vizuri, karatasi nikaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa sweta. Nikasema moyoni, poda naacha, ngozi itapona, yataisha yenyewe.

Poda niliacha. Ngozi haikunisubiri. Siku ya pili yake mwanangu alimvua mtoto shati, akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu mlezi hampaki," akasema. "Mama, wewe ndiye unayempeleka, hujaona kitu?"

"Sijaona."

Neno moja tu, lakini chakula cha siku ile sikukimaliza.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, tukaenda wote. Msimamizi wa kituo alituketisha kwenye viti vya watoto, magoti yangu yakafika kidevuni. Mlezi alisimama mlangoni, anafuta mikono kwenye aproni.

"Niliandika, dada. Niliandika habari ya poda."

"Poda gani? Kwangu hakuna anayempaka mtoto poda." Mwanangu akampa daftari. "Nionyeshe."

Mlezi akapekua mbele, akarudi nyuma. Akapekua tena, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko anaojua ni mtupu.

"Nilishakuonya habari ya kutoandika," msimamizi akasema. "Safari hii sina la kukutetea. Kavue aproni."

Mume wangu alikuwa ameng'ang'ania mguu wa mlezi, anasugua shingo kwenye goti lake. Yule mlezi, huku anafukuzwa, hata hakutazama chini. Aliteremsha kiganja, akamfunika shingo asijikune. Kiganja kizima.

Nikaitoa karatasi kwenye mfuko wa sweta, nikaiweka mezani. "Poda ni yangu," nikasema. "Na hii nimeichomoa mimi."

Mwanangu aliisoma kwa pumzi moja. "Mama. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujaona."

Nikaeleza habari ya grisi, na huku naieleza nikaisikia ilivyo ndogo. Msimamizi alimwomba mlezi radhi, akamwambia arudi kazini. Mlezi hakuondoka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Bibi, si ungeniuliza tu? Harufu ya mafuta yale mimi nalala nayo. Nyumbani mume wangu hunitania kwamba nafanya kazi gereji."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Shingo ya mtoto sasa inalainika. Mwanangu amenunua daftari jipya na kuandika namba kwenye kila ukurasa, wa kwanza mpaka wa mwisho. Hajasema kwa nini. Mkoba bado naubeba mimi. Getini mlezi hufungua kola, hutazama shingo, hunusa, ndipo hunipokea mtoto. Ananiita Bibi kwa heshima ile ile. Neno "mumeo" halitaji tena.