Nusu Glasi ya Mwalimu Norbert

Mwalimu Norbert alikuwa na msemo mmoja wa Kiingereza alioupenda kuliko suti yake ya ndoa. Kila mwaka, kwa miaka ishirini, aliweka mezani darasani glasi yenye maji nusu, akauliza: hii ni nusu tupu, au imejaa nusu? Waingereza, alieleza, humpima mtu kwa jibu lake. Mwenye matumaini husema imejaa nusu. Basi msemo ukatoka darasani, ukaanza kutembea naye mjini Kalemie, kando ya ziwa. Ziwa lilipopanda hadi nyumbani kwa jirani yake Éliézer, Mwalimu akaenda kumpa pole kwa glasi hiyohiyo.

"Mwalimu," Éliézer akamjibu, suruali kaikunja magotini, "ya kwangu imejaa yote. Mpaka ku kitanda."

Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa matokeo ya mtihani wa taifa yalikuwa yameingia kwenye simu. Abigaël, kitinda mimba wake, alipata asilimia hamsini: amefaulu, lakini bila hata moja ya akiba. Na baba mtu alishatangaza themanini kanisani, sokoni na kwa kinyozi. Akajifungia chumbani, akijidai anasahihisha madaftari. Madaftari gani, na shule imefungwa?

Nje, njia nzima ilikuwa nyeupe kwa poda ya pongezi. Waliofaulu walikuwa wamemwagiwa mpaka kwenye kope. Abigaël peke yake alisimama mlangoni na nywele zake nyeusi, akikinga kichwa kwa mikono kila shangazi alipomkaribia na kopo.

Elisabeth, mama wa Abigaël, akaingia chumbani kwa mumewe bila hodi.

"Mutoto anakatala poda. Anasema ni Papa njo ataanza kumumwangia."

"Makumi tano, Mama Abi. Makumi tano tu! Watu watasema nini?"

"Watu wote wa Kalemie umewafundisha ile glasi yako. Mutoto wa kwako peke yake njo haujamuambia."

Akamwekea kopo la poda juu ya madaftari, akatoka.

Mwalimu akabaki anaumwa moyo. Malaria ilikuwa imemlaza yule binti wiki sita, na bado alisoma ndani ya blanketi, anatetemeka, hataki kufunga kitabu. Hamsini zile zilikuwa za jasho, na yeye baba yake alizionea haya.

Akatoka. Wanawake wakampisha. Alijaribu kuanza na ule msemo, Kiingereza kikamkwama kooni, akakiacha hukohuko. Akafungua kopo, akalimimina lote juu ya kichwa cha binti yake, mpaka wakakohoa wote wawili na vigelegele vikapasuka.

"Nilisikia haya ya watu," akamwambia sikioni. "Unisamehe, mama."

Abigaël akajifuta macho, akazidi kujipaka poda.

"Papa, nilizania hautatoka."

"Hata mie nilizania."