Kisima cha Ghorofa ya Tatu

Jumatatu saa nne asubuhi, mhandisi alifuta safu ya maji kwenye jedwali la kompyuta yake. Mradi wa umeme wa jua ulikuwa na vigezo kumi na viwili vya mazingira. Bosi alitaka kibaki kimoja tu, hewa chafu, eti vingine vyote hupanda na kushuka pamoja nayo. Kwenye viwanja hamsini ilikuwa kweli. Cha hamsini na moja kilikuwa kwao mhandisi, na huko haikuwa kweli hata kidogo: paneli zingeoshwa kwa maji ya kisima cha mama yake, kinachonywesha mtaa mzima. Alikuwa amemwahidi mama kwamba kisima kimo kwenye hesabu. Hata hivyo akabonyeza.

Saa tano kisima kile kilikuwa kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya ofisi, kati ya choo na mashine ya fotokopi, na kamba yake na ukingo wake wa mawe. Karani alikizunguka na kikombe chake cha chai. Mfagizi alilalamikia tope, basi.

Mhandisi alianza kumshuku kila mtu. Bosi alipita, akaruka penye utelezi bila kutazama chini, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mbona kazoea? Na ghorofa ya nne, kwenye ofisi ya bosi, mbona siku zote inanuka samaki, kama kuna ziwa lililofutwa?

Mchana mama yake alifika kwa mabasi mawili, ndoo mkononi, akaandikishwa kwenye daftari la wageni.

"Mwanangu, hebu niangalie usoni. Si ulisema kimo?"

"Kimo, mama. Hesabu zimerahisishwa tu."

"Wee! Nimekuzaa mimi. Ukidanganya unajikuna shingo."

Alikuwa anajikuna. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Alhamisi mpimaji alirudi kutoka kiwanja cha hamsini na moja na taarifa: hakuna kisima, wala dalili ya kisima.

"Unaona?" bosi alisema. "Ulikuwa unajipa presha bure. Tia sahihi."

Mhandisi aliisoma mara tatu akitafuta uongo. Hakuuona. Akatia sahihi.

Wiki iliyofuata majirani wa mama walipanga foleni ya maji kwenye ngazi, maana lifti ni ya wafanyakazi. Mama yake alikuwa juu, akiwavutia kamba wasiojiweza.

"Samahani, mama, napita," alisema mhandisi.

Mama akasogeza ndoo, akambana ukutani kidogo jirani yake ili kumpa njia.

"Pita tu, bosi."