King'ora Kabla ya Maji

Siku ya kuzindua mtambo wa pili wa umeme, meneja aliamua kuwa king'ora kisilie. Eti kitamkatiza mgeni rasmi hotuba! Wafanyakazi walikuwa wamembandika meneja huyo jina la Bwana Ratiba, na wala hawakumwonea.

Fundi wa zamu katika chumba cha kuendeshea mitambo alidhani anataniwa. Maji yakishaporomoka bombani na kuzungusha mtambo, hutokea chini kwa kishindo, palepale kwenye miamba wanapofulia watu wa kambi ya wafanyakazi. Siku zote kilianza king'ora, kisha mafundi wakasubiri. Wa mwisho kutoka mtoni alipunga kitambaa chekundu ukingoni, ndipo maji yakafunguliwa. Na asubuhi ile mke wa fundi alikuwa ameteremka kufua, na ujauzito wake ulikuwa umeshamwelemea.

"Bosi, kuna watu kule chini. Mke wangu yuko kule."

"Kwani hawana macho? Si watayaona maji yakija!"

Watayaona! Fundi alihisi damu ikimchemka. Mtu mzima, baba wa watoto, anasema maneno kama hayo huku akirekebisha tai yake! Alichomoa ufunguo wa mtambo, akautia mfukoni, kisha akabonyeza king'ora.

Huko nje mgeni rasmi alikatizwa katikati ya sentensi, watu wakaziba masikio. Bwana Ratiba, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi mbio.

"Umeniaibisha! Lete ufunguo. Kazi huna kuanzia sasa!"

"Sawa, bosi. Ngoja kwanza nivue sare ya watu."

Akaanza kuvua, kifungo kimoja kimoja, kwa uvivu wa kuudhi, macho yake dirishani. Alipofika kwenye viatu, akajifanya kamba imekaza. Bwana Ratiba alitukana mpaka sauti ikamkauka. Fundi alikuwa na hasira za kulia. Yaani uhai wa mkewe auombee muda kwa kuhangaika na kamba ya kiatu!

Hatimaye kitambaa kilipungwa ukingoni. Fundi akaukabidhi ufunguo, akatoka peku, kifua wazi.

Maji yaliporomoka, mtambo ukanguruma, taa za jukwaani zikawaka. Mgeni rasmi alimshika Bwana Ratiba mkono, akamsifu mbele ya umati kwa jinsi anavyojali usalama wa wananchi. Makofi yakarindima. Mke wa fundi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika juu akihema, alitua beseni lake la nguo mbichi, naye akapiga makofi.