Vyumba Sitini vya Nyumba ya Tiba

Katika nchi ya Utengano ilikuwa ada kuamini kwamba kitu kizima ni alama ya ujinga, na kilichogawanywa ni dalili ya maarifa. Waziri wake, Mbwembwe, alisafiri akaona majumba ya mataifa makubwa yaliyogawanywa kwa sababu ya wingi wa watu wake. Aliporejea aliigawa Nyumba ya Tiba, yenye watabibu wanane tu, iwe na vyumba sitini: kimoja kisage mizizi, kingine kichuje, kingine kimimine chupani, kingine kitie vizibo. Chumba hakikuruhusiwa kusema na jirani yake ila kwa barua. Na kila dawa ilipita milango saba, ambako mabawabu walikagua muhuri, si dawa.

Tabibu Makini alimkanya. "Mheshimiwa, mimi peke yangu nina vyumba saba. Jana nilijiandikia barua, nikakaa kungoja jibu langu mwenyewe."

"Mtazoea," alijibu Waziri.

Mwezi wa nne wa mpango huo, Himili, mume wa Makini, aliumwa na nyoka shambani. Makini aliomba dawa saa ile ile, maana sheria ilimkataza kugusa kazi ya chumba kisicho chake. Siku ya pili alimwendea Waziri, akaambiwa subira huvuta heri. Kumbe chumba cha kuchuja kilikuwa kimebadili mtindo wa barua zake bila kumwarifu mtu. Chumba cha kumimina hakikuzielewa, kikapitisha chupa kama ilivyo. Siku ya tatu chupa ilifika, ina mihuri saba, haina hata tone. Himili alifariki alasiri.

Eda ilipokwisha, Makini alishtaki kwa Kadhi Insafu. Watabibu waliapa mmoja mmoja, "Chumba changu kilikuwa salama," na wote walisema kweli. Mabawabu walionyesha mihuri. Kadhi alisikiliza vyumba sitini hadi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Chupa hii tupu ni ya chumba gani?" aliuliza.

Kila tabibu alimnyooshea mwenzake kidole.

"Na marehemu je, ni wa nani?"

"Ni wangu," alisema Makini.

Kadhi alimuuzulu Mbwembwe, akaamuru kuta zote zibomolewe. Makini ndiye aliyemzuia.

"Tano zibaki, Kadhi. Sumu haifai kusagwa karibu na maziwa ya watoto. Na mlango uwe mmoja, wenye bawabu anayefungua chupa."

Ikawa hivyo. Asubuhi ya kwanza vumbi lilikuwa halijatulia, na watabibu saba wenzake Makini walikuwa mezani wakibishana kwa sauti. Makini alivuta kiti akaketi kati yao.

"Mgonjwa wa kwanza ni nani," aliuliza, "na anaumwa nini?"