Pipa la Woolwich Lagoma

Tangu asubuhi Njenga alikuwa hakai wala hatulii. Alipanda ngazi, akafungua kabati la boila ya maji moto, akatega sikio kwenye pipa la pombe humo, akashuka. Chai ikapoa mezani. Akapanda tena. Pipa kimya.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake walikuwa waende Ilford kumposea mwanawe Hillary binti wa watu, Makena, na wazee wa huko walishasema wazi: bia na soda zimejaa madukani, wao wanataka muratina ya kina Njenga. Kwao pombe hii ya asali ilipikwa na babu, na kabla yake baba wa babu, kwa vipande vikavu vya tunda la muratina. Hamira yote imo humo. Pombe ikiiva, vipande hukamuliwa, vikaanikwa, vikangoja sherehe nyingine. Njenga alikuja navyo huku ughaibuni kutoka kijijini Gatundu baada ya kumzika baba, pamoja na pembe ambayo mkubwa wa nyumba hunywea kwanza. Alikuja na maringo pia, hayo hakuna aliyempa.

Asali na maji vuguvugu alikuwa ametia Jumatano. Kufikia sasa povu lilipaswa kuwa linamfukuza kabatini. Asali ilikuwa ingali asali.

Jedidah, mkewe, alirudi kutoka shifti hospitalini akamkuta amepiga magoti mbele ya boila.

"Bado?"

"Bado. Na sielewi. Vipande vilikuwa vizuri, vikavu, visafi..."

"Visafi kabisa," Jedidah alisema. "Mimi mwenyewe nilivi-sterilise. Vilikuwa vinanuka, Baba Hillary! Nikavichemsha vizuri, nikavianika kwenye radiator."

Njenga aliinuka, akafunga kabati. Alilelewa akijua kwamba nyumba yenye pombe changa haina ruhusa ya kugombana. Ukipayuka karibu na pipa, pombe inagoma. Basi aliimeza hasira yake nzima nzima, akavaa viatu, akaenda kugombana na hewa sokoni. Watu wa Woolwich wakampisha.

Aliporudi, Jedidah alikuwa analia, sare bado mwilini.

"Nimekosa," alisema. "Lakini usinibebeshe peke yangu. Kama pombe haitaki ugomvi, wewe na Gathecha je?"

Hapo palimuuma. Gathecha, kaka yake mkubwa, aliishi Wembley na nusu ya pili ya vipande. Siku ya kugawana alisema angependa kuiuza muratina kwenye chupa zenye lebo, na Njenga akamwita muuza kaburi la baba, mbele ya wajomba. Hawakusemezana tena. Hata kwenye posa hii hakumwalika.

"Dad, just call him," Hillary alisema kutoka jikoni. "Please."

Njenga alipiga simu huku akizunguka meza.

"Kaka, ni mimi."

"Nakusikia. Sema."

"Pombe imegoma. Vipande vilichemshwa, hamira ikafa."

Gathecha aliangua kicheko, kilekile cha baba yao, mpaka akakohoa.

"Yangu iko tayari," alisema. "Nilipika Jumatano."

"Ulikuwa na sherehe gani?"

"Unaniuliza? Hillary aliniambia date. Hukunialika, sawa. Lakini mtoto wetu aende Ilford mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wako? Ningeiacha mlangoni kwako, nijiendee."

Njenga aliacha kuizunguka meza.

"Vilete hivyo vipande," kaka yake aliendelea. "Tuvilaze ndani ya yangu. Vitaamka."

Njenga alivichopoa pipani vikichuruzika, akavitia kwenye mfuko wa sokoni. Alifika mlangoni, akarudi, akaitwaa pembe ya baba, pembe ya mkubwa, akaiviringisha kwenye taulo. Kwenye treni ya Wembley hakuweza kuketi. Asali ilidondoka viatuni mwake kituo hadi kituo, abiria wakisogea pembeni, naye akiwaambia sorry, sorry, machozi yakimtoka na mikono yote miwili imeshika mizigo.