Minazi ya Mahari ya Bi Mize

Mtaa wetu, huu ulio nyuma ya uwanja wa ndege wa Kilindoni, hapa kisiwani, ulipata kibao kabla haujapata akili. Kibao chenyewe cha bati, rangi ya buluu, kimeandikwa KARIBU MTAA RAFIKI KWA FAMILIA, na uso wake umeelekezwa kichakani, kwa sababu waliokisimamisha walikuwa wanafuata kivuli cha kufanyia kazi. Wanaokisoma ni mbuzi. Nao mbuzi wana familia, sikatai.

Mimi nimepanga chumba cha uani kwa Mfaume. Nimekaa Tanga, nimekaa Kilwa, nimekaa Ngazija, nimepika melini, nimechoma mkaa, na kote nilikopita nimekuta watu wanazaa watoto na kuwalea bila kamati. Hapa ilibidi iundwe kamati. Mwenyekiti akawa Wilbrod, mtu wa bara, mfanyakazi wa ofisi moja mjini, bwana wa mashati yaliyonyooka, ambaye wanawe hawaruhusiwi kukanyaga mchanga bila soksi. Kumail, mwenye duka la kona alilorithi kwa baba yake, akatoa kiwanja chake kiwe cha michezo ya watoto. Watu wakampigia makofi kana kwamba katoa figo. Hakuna aliyesema kwamba mlango wa duka unatazamana na kiwanja hicho, na kwamba mtoto akishabembea hutaka juisi.

Mfaume, mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa hapahapa, akapewa cheo cha Mlezi wa Mtaa. Ulezi wenyewe ulikuwa kizibao cha rifleksa, cha njano. Alikivaa mpaka msikitini.

Sasa kiwanja kile hakikuwa kitupu. Kilikuwa na minazi mitatu, na chini ya minazi kibanda cha makuti cha Bi Mize. Mchanga ni wa Kumail, hilo halina ugomvi. Wakwe zake Bi Mize ndio waliomuuzia baba yake Kumail. Lakini minazi ni ya Bi Mize. Ndiyo mahari yake. Siku ya ndoa alipelekwa akaoneshwa mmoja baada ya mmoja, akauwekea mkono kila mmoja, watu wakishuhudia. Huku kisiwani mchanga unaweza kuwa wa huyu na mti ukawa wa yule, na aliyezaliwa huku hashangai. Mwenye mti ana njia ya kuufikia mti wake, na ana pahala pa kukaa akiulinda. Kibanda cha Bi Mize kilisimama kwa haki hiyo, hakina nyingine. Minazi ikiwapo, naye yupo. Minazi ikiondoka, hana pa kutandika mkeka, maana mumewe kafa, mtoto hakujaliwa, na jamaa zake wa Kisiwa cha Bwejuu waliobaki ni wale wasiomjua.

Kamati ikatundika bembea za matairi na kusimamisha ubao wa kuteleza wa bati, ambao jua la mchana likishaupata ungeweza kukaangia vitumbua. Halafu wakaanza kutunga sheria, na hapo ndipo upumbavu ulipokolea.

Bi Mize alikuwa na mkwezi wake wa Kirongwe, ambaye huja nazi zikikomaa, akapanda, akaangua, wakagawana, akaenda zake. Miaka yote nazi haijamwangukia mtu pale, kwa sababu haikungojwa ianguke. Safari hii mkwezi yuko kileleni, Wilbrod akatokea na simu mkononi.

"Bwana, shuka! Watoto wanaona!"

"Wanaona nini?" mkwezi akauliza kutoka juu.

"Wanaona unapanda! Watakuiga!"

"Basi waambie wafumbe macho, mzee. Mimi nina nazi mkononi."

Jioni ile ikatoka amri kwenye grupu la Wasapu: ni marufuku kukwea minazi katika eneo la watoto, na kaptura fupi, kama ile ya mkwezi, ni marufuku vilevile. Watu wazima waliokulia juu ya minazi wakabandika vidole gumba. Mkwezi akaambiwa asirudi, naye hakurudi. Kirongwe haijapungukiwa na minazi.

Nazi isiyoanguliwa haisubiri kikao. Zikakauka, zikaanza kushuka zenyewe. Moja ikaubonyeza ule ubao wa kuteleza katikati, saa ya jua kali, hapana hata mtoto mmoja nje. Grupu likawaka moto. Angekuwa mtoto! Angekuwa mwanangu! Mama mmoja ambaye wanawe wote wako Dar es Salaam aliandika kwamba hakulala. Wilbrod akaitisha mkutano barazani kwa Kumail, na ajenda ilikuwa moja: minazi ikatwe.

Bi Mize alikuja amejitanda kanga, akakaa ngazi ya chini.

"Shikamoo, bibi," Wilbrod akasema.

"Marahaba, baba."

"Bibi, sisi hatuna ubaya na wewe. Tatizo letu ni minazi. Inadondosha."

"Mnazi hudondosha usipoanguliwa. Mkwezi wangu kafukuzwa na nani?"

"Hilo tumeshapita, bibi."

"Umepita wewe. Mimi niko palepale."

Kumail akaingia kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mtu sukari imekwisha. "Bi Mize, mama yangu, tusigombane. Kiwanja si changu?"

"Chako, Kumail. Nani kasema si chako? Minazi yangu."

Wilbrod akacheka. Sitamlaumu sana kwa kucheka. Kwao mti ni wa mwenye shamba, basi. "Kwa hiyo mti umeota hewani? Ardhi yake, mti wako. Na kivuli cha nani? Cha mwenyekiti?"

Baraza zima likacheka. Nikawatazama mmoja mmoja. Waliocheka kwa nguvu zaidi ni wale ambao mama zao wana minazi katika viwanja vya watu kule kijijini Kanga, na kila msimu wanapelekewa magunia yao.

Nikanyoosha mkono. Wilbrod akasema wapangaji wa vyumba vya uani wanakaribishwa kama wasikilizaji.

"Baraza la kata nimekwenda," Bi Mize akasema. "Wameniambia, leta mtu aliyeshuhudia. Waliokuwapo siku ile wote wako makaburini isipokuwa mmoja. Huyo hapo, kavaa njano. Alikuwa mvulana, alibeba sinia la halua. Muulizeni."

Shingo zote zikageuka. Mfaume akakohoa. Akajiweka sawa kizibao.

"Mzee Mfaume," akasema Wilbrod, "ni kweli?"

"Mambo hayo, mwenyekiti, ni ya zamani mno. Tulikuwa watu wengi. Tena mimi macho yangu yalikuwa kwenye halua."

Wakacheka tena.

"Mfaume," Bi Mize akasema, bila kupaza sauti. "Hukuniona nikiweka mkono?"

"Sikumbuki, dada. Nasema tu, tuangalie maendeleo ya watoto wetu."

Mtu huyu anakumbuka goli lililofungwa timu yake kabla redio haijafika hapa. Anakumbuka kodi yangu. Ndoa aliyohudhuria, hapana.

Asubuhi yake nikamkuta uani anakifua kile kizibao kwa sabuni ya unga.

"Kwa nini umemfanyia vile bibi wa watu?"

"We mpita njia," akanijibu, anasugua. "Kesho utafunga kibegi chako. Mimi nitaishi na watu hawa."

"Na Bi Mize si mtu?"

"Bi Mize hana wingi."

Nimekutana na wezi wenye maneno mazuri kuliko hayo.

Jumamosi ikaletwa mashine ya kukatia miti, inanguruma na kutoa moshi mweusi, na mtaa rafiki kwa familia ukajipanga kando ya barabara kutazama, watoto wamebebwa mabegani waone vizuri. Kelele ile nayo haikuwa na madhara kwa watoto, inaelekea, kwa kuwa imepitishwa na kikao. Mnazi wa kwanza ukalalia bembea, ukayafukia matairi yote. Hakuna aliyepiga hesabu ya upande utakaoangukia. Wa pili ukaanguka kando yake. Wa tatu ukalala mkabala na mlango wa duka la Kumail, ukafunga njia ya baiskeli. Bi Mize alikaa mlangoni kwake anachambua mchele. Kila mnazi ulipokwenda chini alisimamisha mkono, ardhi ikitulia akaendelea.

Mashine ikazimwa. Wilbrod akapiga picha. Kumail akamwambia Bi Mize, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kwamba kibanda nacho asihangaike, atapewa mpaka mwisho wa mwezi kukihama.

Basi hapo sahani zikaanza kutoka.

Mnazi una kiini kileleni, cheupe, laini, kitamu kuliko kitu chochote kinachotoka mtini. Ndilo shaha. Halipatikani ila mnazi ufe, kwa hiyo mtu huenda miaka hajalionja. Na hapa yamelala matatu. Wakaja na sahani, wakaja na mabakuli, wakaja na vikapu, mmoja kaja na beseni la kufulia. Wale wale wa vidole gumba. Yule mama asiyelala kaja wa mbele. Wakampita Wilbrod, wakampita Kumail, wakajipanga mstari mlangoni kwa Bi Mize.

"Hodi, Bi Mize. Pole, mama. Tukatie na sisi."

"Bi Mize, kijisehemu tu, wajukuu wanalilia."

Hakuna aliyewatuma huko. Ndivyo walivyolelewa: huwezi kutia kisu katika shaha la mtu bila kumwomba mwenyewe. Kinywa chao kilikuwa kimeshasema minazi si yake. Tumbo halikuwa kwenye mkutano.

Wa katikati ya mstari alikuwa Khairunissa, mke wa Kumail, na sahani ya maua, ile ya wageni. Kumail akatoka dukani mbio.

"Khairunissa! Unamwomba nani? Si kiwanja chetu?"

"Kiwanja chetu, shaha lake," mkewe akasema, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Ulitaka nimuibie?"

Kisha akayasikia aliyoyasema. Mstari mzima uliyasikia. Watu wakaanza kutazama sahani zao, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

Wilbrod alishusha simu. Ofisini kwake si mjinga. "Ngojeni kwanza," akasema. "Kama shaha ni lake, minazi ilikuwa ya nani?"

Watu wazima hamsini wakavishusha vyombo vyao ubavuni.

Bi Mize akaweka ungo chini. Macho yake yalikwenda mwisho wa mstari, ambako palikuwa na kitu cha njano kinajaribu kusimama nyuma ya mtu mnene.

"We Mfaume, njoo mbele. Unataka nini?"

Mfaume akaja, na sufuria. Sufuria, si sahani. Tamaa haina haya. "Shaha, dada. Kidogo."

"La nani?"

"Dada, watu wanangoja..."

"Wangoje. La nani?"

"Lako."

"Sema wasikie, mashine imewaziba masikio."

"Shaha lako, Bi Mize."

"Na mti?"

Mfaume akamtazama Kumail. Kumail akatazama kule uliko uwanja wa ndege, kana kwamba anangoja abiria.

"Na mti wako."

"Uliona?"

"Niliona. Uliweka mkono mmoja baada ya mmoja. Mnazi wa mwisho ulikuwa na ukungu kwenye gome, wewe ukajifuta mkono kwenye kanga." Kumbe hata hilo alikuwa nalo kichwani.

Bi Mize akachukua kisu, akamkatia Mfaume pande kubwa kuliko yote yaliyofuata, akalitia sufuriani mwenyewe. "Kula. Ndiyo malipo ya shahidi anayekuja baada ya maiti kuzikwa."

Kisha akawageukia wote. "Mmeniomba shaha, nawapa. Kila mtu atapata, mimi si mchoyo. Lakini mliyemwomba shaha ndiye mwenye gogo. Magogo yangu yatalala hapo yalipolala, nami nitakaa hapa niyalinde. Atakayetaka kulisogeza moja aje aniombe, kama alivyokuja na bakuli."

Wilbrod alitaka kusema kitu kuhusu usalama wa watoto. Akamtazama Kumail, Kumail akamtazama mkewe, na mkewe alikuwa anasogeza sahani ya maua mbele, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Walikula siku ile mtaa mzima, wengine kwa chumvi, wengine wamelitia tui. Mimi sikupeleka sahani. Bi Mize aliniletea, nikala, lilikuwa tamu, na nikaudhika kwamba lilikuwa tamu.

Magogo yangali pale. Baraza la kata likaita, Mfaume akaenda akasema tena aliyoyasema mbele ya sufuria, safari hii bila njano. Kile kizibao kamati ilikuwa imekichukua. Kibanda hakijaguswa. Bembea ziko chini ya gogo la kwanza, na kamati haijakutana tangu hapo, kwa kuwa kila mmoja anangoja mwingine aitishe.

Sitasema Bi Mize ameshinda. Kivuli hana; mchana anahamia ukuta wa jirani. Makuti ya kuezekea anaomba. Na yeye, aliyeolewa kwa minazi, siku hizi anavuka kwenda dukani kwa Kumail kununua nazi ya kutia kwenye mchuzi. Huichukua, huitikisa sikioni, huirudisha juu ya meza.

"Hii haina maji. Nipe nyingine."

Na Kumail, bila kuinua macho, humpa nyingine.